Kulifufua Gari Kuukuu la Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Kijana

Nilikuwa na miaka 17 nilipopata gari langu la kwanza. Lilikuwa kuukuu, rangi imepauka, lakini siku lililofika nyumbani lilikuja likitembea lenyewe. Ndani ya wiki mbili nilishatoa injini, viti, dashibodi na milango ya nyuma, na nati zote nikazimimina kwenye ndoo moja. Likakaa hivyo miaka miwili. Liliondoka limepakiwa kwenye lori, vipande vipande, na mpaka leo linaniuma.

Tangu hapo nimewasaidia vijana kadhaa kufufua magari yao, na kila mmoja namwanzia na sharti hili: fungua kitu kimoja, kitengeneze, kifunge, kijaribu, ndipo uguse kingine. Gari linaloweza kusogea linakupa moyo wa kurudi kesho. Lililofumuliwa lote kwa mpigo linakuwa lundo, na lundo halina pa kuanzia. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio: kwanza usalama wako, kisha injini iwake, kisha gari lijue kusimama, ndipo liende. Rangi na redio vitasubiri.

Kuchagua gari

Mdogo wangu, kabla hujalipenda umbo lake, uliza kama vipuri vyake vinapatikana kwa urahisi unakoishi. Gari lililouzwa kwa wingi lina vipuri vingi na mafundi wengi wanaolijua. Injini ya silinda 4 isiyo na makorokoro na gia za kawaida za mkono ni mwalimu mzuri. Ukifungua boneti ukaona nafasi ya kuingiza mkono pande zote za injini, hiyo ni dalili njema.

Injini mbovu hutengenezeka. Kinachoua gari kuukuu ni kutu kwenye sehemu zinazobeba uzito. Lala chini na tochi uangalie pembezoni chini ya milango, mahali pa kupigia jeki, sehemu inaposhikiliwa mikono ya magurudumu, na vichwa vya shokapu ndani ya boneti na buti. Nyanyua zulia uone sakafu. Gonga chuma kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa. Beba pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini. Ikiteleza bila kunasa kwenye bodi ya chuma, jua chini ya rangi pamejazwa pati, na pati hiyo inaficha kitu. Kutu ya juu juu kwenye mlango si neno. Kutu iliyotoboa mahali pa shokapu inahitaji mchomeleaji mzoefu, na kwa gari la kwanza ningekushauri uliache.

Muombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, kisha ulishike boneti kwa mkono uone kama ni baridi kweli. Injini yenye matatizo huyaficha ikishapata moto. Likiwaka, kaa nyuma utazame moshi. Wa bluu maana yake oili inaungua. Mweusi, mafuta yanaingia mengi kupita kiasi. Mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa. Fungua kifuniko cha oili. Utando kama maziwa hapo unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi, lakini ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia oili, maji yameshachanganyika na oili.

Halafu linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye gari na iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 yana namba ya tarakimu na herufi 17. Ikionekana imekwanguliwa au imechomelewa upya, ondoka.

Mahali pa kazi na vitu visivyo na mjadala

Tafuta sehemu ngumu, iliyo sawa, yenye hewa. Zana za kuanzia si nyingi: seti ya spana na soketi, bisibisi kadhaa, koleo, multimita, jeki nzuri, stendi mbili au nne, miwani ya kukinga macho, glavu, na spana inayopima nguvu ya kukaza, ambayo unaweza kuazima. Tafuta pia kitabu cha ufundi cha modeli yako hasa. Kila kipimo ninachokitaja hapa ni cha jumla, na kitabu kikisema tofauti, kifuate kitabu.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati tu. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kubebea. Zuia magurudumu yanayobaki chini yasibingirike, nyanyua, weka stendi mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu, shusha uzito juu yake, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje. Matofali ya saruji hayafai, hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini sakafuni ukingoja cheche, kwa hiyo kizima moto kikae mahali unapoweza kukifikia. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi, na ukifunga, umalize nao. Sababu ni hii: spana ikiwa kwenye chanya huku hasi bado imeunganishwa, ikigusa bodi tu, umeme wote wa betri unapita kwenye spana. Gari lenye mifuko ya hewa, usiguse usukani wala nyaya zake. Na springi za shokapu zina nguvu iliyobanwa ya kuvunja taya, kwa hiyo kazi hiyo mpe fundi mwenye kifaa chake.

Mtu mzima ajue upo chini ya gari na unafanya nini. Hili silisemi kwa sababu u mdogo. Mimi mwenyewe hadi leo siingii chini bila mtu kujua.

Wiki ya kwanza: osha, piga picha, andika

Osha injini na chini ya gari kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi, ukifunika alteneta, distributa na mahali inapoingilia hewa kwa mfuko wa plastiki. Kwenye injini safi, uvujaji mpya unauona siku hiyohiyo. Kabla ya kufungua chochote, kipige picha pande tatu. Kila kundi la nati liingie kwenye mfuko wake wenye jina: "kava ya plagi", "bampa mbele kushoto". Anza pia daftari: tarehe, kilomita, ulichofungua, ulichobadilisha.

Kuliwasha gari lililolala muda mrefu

Hapa vijana wengi hukosea kwa haraka. Gari limekaa mwaka au zaidi, mtu anafunga betri mpya na kupiga stata papo hapo. Kuta za silinda zimekauka, ringi za pistoni zimeshikwa na kutu nyepesi, na sekunde tano za pupa zinakwangua injini iliyokuwa nzima.

Anza na mafuta. Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi michache; ikinuka kama vanishi na rangi yake imekolea, toa yote, badilisha filta ya mafuta, na ukague paipu za mpira. Ukizikunja zikaonyesha nyufa, tupa. Angalia kichujio cha hewa na njia zake, kwani panya hupenda kujenga humo.

Sasa weka gia kwenye fri na uchomoe plagi zote, ukizipanga kwa mpangilio wa silinda zake. Zitazame vizuri, kwa sababu kila plagi inakusimulia hali ya silinda yake. Kahawia nyepesi au kijivu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi. Iliyolowa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe yenye malengelenge, silinda hiyo ilikuwa ikipata joto kupita kiasi. Mimina oili kama kijiko kimoja cha chai kwenye kila tundu, uache usiku mzima. Kesho yake weka soketi kwenye nati kubwa ya puli (gurudumu la mkanda) ya chini na uzungushe injini kwa mkono, taratibu, kuelekea upande inakozunguka kawaida. Ikizunguka raundi mbili kamili bila kugoma, umeshavuka mtihani mkubwa. Ikigoma, usilazimishe kwa bomba refu. Ongeza oili, subiri siku moja au mbili, jaribu tena.

Badilisha oili ya injini na filta yake kabla ya kuwasha. Kisha, plagi zikiwa bado nje na umeme wa plagi pamoja na wa pampu ya mafuta ukiwa umekatwa, funika matundu kwa kitambaa chepesi na piga stata sekunde chache, pumzika, piga tena, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izimike. Taa hiyo ikizimika, oili imeshafika kwenye beringi. Siku ya kwanza niliyofanya hivi na kijana mmoja, aliikodolea macho taa nyekundu bila kupepesa. Ilitetereka, ikafifia, ikapotea, naye akashusha pumzi kwa sauti. Huo ndio wakati wa kurudisha plagi na kuiacha injini iwake.

Ikiwaka, isikilize dakika chache tu bila kukanyaga mafuta, ukitazama oili, maji na moshi. Moshi wa mwanzoni ni ile oili uliyomimina, utaisha.

Breki: hapa usipunguze chochote

Gari linawaka, na shauku ya kulitoa barabarani inakushika. Subiri. Breki ndizo kazi kubwa kuliko zote humu.

Toa magurudumu, gurudumu moja moja. Upande wa diski (sahani ya chuma inayobanwa na padi), angalia unene wa padi: zikibaki milimita 3 au pungufu, badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Diski yenye ukingo mkubwa pembeni au mikwaruzo inayonasa ukucha ipimwe. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa mara nyingi umeandikwa juu yake. Upande wa ngoma (kopo la chuma lenye shuu za breki ndani), fungua uone kama silinda ndogo ya ndani inavuja. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wala kulifagia, kwa kuwa breki za magari ya zamani nyingi zilikuwa na asbesto inayoharibu mapafu. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, kisha lifute. Kagua paipu za mpira zinazoelekea kila gurudumu. Iliyopasuka au kuvimba ibadilishwe. Paipu za chuma zenye kutu ya magamba nazo zibadilishwe. Padi, shuu na paipu zisiguswe na oili wala grisi.

Kisha mafuta ya breki. Aina ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi au zaidi, lakini yaliyonyonya maji yanaweza kushuka hadi 155. Ukishuka mlima mrefu yanachemka, yanatoa mvuke, na pedali inazama bila breki. Kwa gari usilolijua historia yake, badilisha yote, na baada ya hapo kila miaka 2. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, na usiichanganye na DOT 5, ambayo ni silikoni. Yakidondokea rangi, mwagia maji mara moja, kwani yanaila.

Nati ndogo za kutolea upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki, ndizo zinazowaliza watu. Zimekaa miaka mingi, zina tundu katikati, na zikikatika kazi ya nusu saa inakuwa ya siku mbili. Zinyunyizie mafuta ya kupenya kutu siku moja kabla, na tena asubuhi. Safisha kwa brashi ya waya. Tumia soketi ya pembe sita, siyo spana ya mdomo wazi. Mvuto wa kwanza uelekee upande wa kukaza, kidogo sana, ndipo wa kulegeza. Mkono wako utahisi tofauti: nati inayolegea inatoa mlio mfupi mkavu kisha inasogea, na inayotaka kukatika inakuwa laini, inapinda kama mpira bila mlio. Ukihisi ulaini huo, simama. Nyunyizia tena mafuta ya kupenya kutu, gonga kando yake kwa nyundo ndogo, subiri.

Kutoa upepo kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye pedali, mwingine yuko gurudumuni na mpira mwembamba uliochomekwa kwenye nati, ncha yake ya pili ikiwa imezama ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki. "Kanyaga." Anakanyaga taratibu. "Shikilia." Unafungua nati, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga. "Achia." Mnarudia mpaka mapovu yaishe na mafuta yawe mapya. Magari mengi ya zamani huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), lakini mengine yana mpangilio wake, kwa hiyo fungua kitabu. Lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) linaweza kuhitaji kifaa maalumu. Kikopo cha juu kisiishe hata mara moja, la sivyo unaanza upya. Na weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Ndani ya masta kuukuu kuna sehemu ambayo sili haijawahi kufika kwa miaka, imeota kutu, na pedali ikizama yote sili inapita juu ya kutu hiyo na kuchanika.

Ukimaliza, pedali iwe ngumu na ikae pale pale ukiikandamiza kwa dakika nzima. Ikizama polepole, masta imechoka au kuna mahali panavuja. Ukiwa kijana unayefanya kazi hii mara ya kwanza, fundi mzoefu aikague kabla gari halijatoka. Hata kazi za mafundi hukaguliwa.

Matairi na usukani

Tairi linaweza kuwa na kashata (meno yanayoshika barabara) nzuri na bado likawa limezeeka. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu 4: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na tarakimu 3 tu lilitengenezwa kabla ya 2000, litupe bila kujiuliza. Tairi la zaidi ya miaka 10 lisibaki kwenye gari, na lenye nyufa ubavuni libadilishwe hata likiwa na umri mdogo. Kina cha kashata kisipungue milimita 1.6.

Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, shuku beringi au boljointi (kiungo cha mkono wa gurudumu). Lishike kushoto na kulia: likicheza, shuku tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Lizungushe usikilize, beringi mbovu inanguruma. Nati za gurudumu zikazwe kwa kurukaruka kama nyota, gari likiwa limeshushwa, kwa kipimo cha kitabu (magari madogo mengi ni kati ya nyutonmita (Nm) 90 na 120), na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Maji ya kupoza na mkanda wa taimingi

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo hurukia usoni. Injini ikipoa, toa maji yote ya zamani, suuza mpaka yatoke safi, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, au kama kitabu kinavyosema. Yale ya zamani yaweke mbali na watoto na wanyama, ni matamu na ni sumu. Paipu zilizolainika kama matunda yaliyoiva zibadilishwe pamoja na klipu zake.

Uliza mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na valvu, ulibadilishwa lini. Kama hakuna karatasi ya kuthibitisha, uhesabu haujabadilishwa. Kwenye injini nyingi ukikatika, pistoni zinagonga valvu, na injini uliyoihangaikia miezi inakufa kwa sekunde moja. Ubadilishe pamoja na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo, kwa sababu kuifikia ni kazi ileile. Alama za puli zikikosewa jino moja tu kuna madhara, kwa hiyo hapa kaa pembeni ya fundi utazame. Kama injini yako ina cheni badala ya mkanda, shukuru, usikilize tu kama inakereza wakati wa kuwaka.

Umeme

Betri iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6. Chini ya 12.0 chaji imekwisha. Injini ikiwaka, kipimo kiwe karibu na 13.8 hadi 14.5, kikibaki 12 na ushei, alteneta haichaji. Matatizo mengi ya umeme ya magari kuukuu ni waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) wenye kutu. Taa ya breki ikiwaka hafifu, au indiketa ikiwashwa taa nyingine nazo zikipepesa, fungua ethi, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Fyuzi ikiungua mara ya pili, tafuta sababu. Ukiweka kubwa zaidi, waya ndiyo itaungua, nyuma ya dashibodi, usipoiona.

Bodi

Kutu ndogo: ikwangue mpaka chuma cheupe, paka dawa ya kuzuia kutu, rangi ya msingi, kisha rangi. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe. Mikanda ya usalama ivute yote: iliyochanika nyuzi au isiyonasa ukiivuta ghafla ibadilishwe.

Kulitoa mara ya kwanza

Leseni, bima na ukaguzi wa gari viwe tayari kwa sheria za unakoishi. Anzia kwenye uwanja ulio wazi, na dereva mwenye leseni kando yako. Nenda mwendo wa mtu anayetembea, shika breki. Ongeza kidogo, shika tena. Gari livute sawa bila kwenda upande. Kama linavuta kushoto au kulia, rudi kwenye breki na matairi. Tazama mshale wa joto kila mara. Ukirudi, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa: moja ikiwa ya moto kupita wenzake, breki hiyo inanasa.

Usiku huo tandika kipande kikubwa cha kadibodi safi chini ya gari, uandike juu yake upi ni upande wa mbele. Asubuhi chuchumaa utazame. Tone jeusi au kahawia ni oili ya injini. Jekundu, gia za otomatiki au usukani wa haidroliki. La kijani au la chungwa lenye harufu tamu, kulanti. Maji meupe tu, huenda ni ya kiyoyozi. Na tone la njano hafifu, lenye utelezi, karibu na gurudumu au chini ya pedali ni mafuta ya breki: siku hiyo gari haliondoki, na daftari linafunguliwa kwenye ukurasa wa breki.